Kikohozi cha Darini

Nilimtenda vibaya Selestina, mjane wa rafiki yangu Hilary. Padri ameshanisikia, namshukuru Mungu. Selestina mwenyewe bado.

Mimi na Hilary tulikuwa vibarua kwenye loji moja kongwe juu ya Karatu, pale msitu wa Ngorongoro unapoanzia. Kazi ya kupanda darini kuzoa kinyesi cha popo ilikuwa yake. Akaanza kukohoa. Kikohozi chake ungekijua hata gizani: kikavu, mara mbili, halafu "Yesu wangu" kwa pumzi ya mwisho. Alimeza dawa za kifua kikuu, akazidi kukonda. Tukamzika kwao Endabash, jirani na kwangu.

Kwetu Wairaqw mfiwa hutengwa kwa muda. Haingii kwa jirani, haombi hata moto. Sisi tunaosali rozari nasi tunaliheshimu hilo.

Sasa, jioni moja natoka kufunga mbuzi, namkuta Selestina kwenye kizingiti changu. Kajitanda khanga mpaka machoni.

"Shemeji," akanong'ona. "Hilary amesema usipande kule juu."

"Alisema lini?"

Akainamisha kichwa.

"Jana."

Hilary alikuwa kaburini.

"Toka!" nikamfokea. "Unaniletea kifo chako mlangoni?"

"Mimi nimetumwa tu, shemeji."

Nilipanda. Kibarua ni kibarua, na ngazi sasa ilikuwa yangu. Haukupita muda kifua kikaanza kubana, usiku natota jasho. Nikajua ni nani. Nani mwingine avunje mwiko aje kusimama mlangoni kwangu? Nikasimama kwenye sala ya jumuiya, mbele ya msalaba, nikasema, "Mnamfuga mchawi." Watu wakaacha kununua maziwa yake. Mlango wake niliung'oa mimi, kwa mikono hii. Akaondoka na ndoo yake tu.

Hospitalini daktari aliniuliza, "Unafanya kazi gani, baba?"

"Mkulima."

Nilidanganya. Msimamizi wa loji hakutaka habari za popo ziwafikie wageni, na mimi moyoni niliona daktari anapoteza muda, ugonjwa wangu una mwenyewe. Picha ya kifua ilikuwa na madoa. Makohozi hayakuonyesha kifua kikuu, ila dawa zake nikaanzishiwa. Hazikunisaidia kitu.

Nikapanda tena, jua linazama. Popo walikuwa wanatoka. Harufu kali, kama zizi la punda lililofungwa. Wa mwisho akatoka... kukawa kimya.

Koh. Koh.

Nikaziba mdomo. Labda ni mimi.

Koh. Koh.

"Yesu wangu."

Nikamulika tochi. Hapakuwa na mtu. Ila vumbi... vumbi lile kwenye mwanga lilikuwa linakwenda na kurudi. Linakwenda na kurudi. Kama kuna mtu analivuta na kulitoa.

Kisha sikioni kwangu, pumzi ya baridi:

"Mwambie daktari."

"Nimwambie... nini?"

"Tunapofanyia kazi."

Ngazi sikuishuka, nilianguka nayo.

Daktari alipolisikia neno popo akaweka kalamu chini. "Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Nilidhani nimerogwa."

"Basi mchawi wako ana mabawa, mzee," akasema, akacheka peke yake.

Akanieleza. Kwenye kinyesi cha popo huota ukungu. Ukikitifua unavuta vumbi lake, nao unaota mapafuni. Kwenye picha unafanana na kifua kikuu, kwa hiyo usiposema unashinda wapi, daktari anaweza kupotea. Wakanipima upya, wakaukuta. Dawa nyingine, na leo napumua.

"Nani alikushauri useme?" akauliza.

Nikachukua dawa zangu, nikaaga.

Dari imezibwa, popo wamehama. Lakini wageni wa chumba cha chini yake huwa wanauliza nani anakohoa huko juu jioni. Msimamizi huwaambia ni pimbi. Pimbi namjua. Pimbi hamwiti Yesu.

Selestina hayupo Endabash. Wapo wanaosema wamemwona Mang'ola, anavuna vitunguu. Ukimkuta, mpe shikamoo yangu, ingawa ni mdogo kwangu. Mwambie mlango wake nimeurudisha, arudi nyumbani.

Na umwombe amfikishie Hilary kwamba nimeshasema. Apumzike.