Umeviamsha kwa Ajili ya Nani?

"Nimeacha dawa tangu wiki iliyopita. Acha viamke vyote, vikitoka mwili uvimalize. Siku ya harusi utaolewa na mtu mzima wa afya."

Mtafiti aliusoma ujumbe huo mlangoni pa maabara, glavu moja ameshaivua, nyingine bado. Akapiga simu palepale.

— Uko wapi?

— Duka la nyama, natengeneza friji. Umeuona ujumbe?

— Usiondoke hapo.

Mchumba wake alikuwa fundi majokofu. Alikuja siku moja kutengeneza jokofu la maabara, na wenzake mtafiti hawakuacha kutania kwamba jokofu lilipona, bibie ndiye akaugua. Fundi hakumficha kitu. Mapema kabisa alimwambia kuwa anaishi na VVU, anameza dawa kila siku, na vipimo vya damu havioni tena kirusi. Mtafiti alimpenda hivyo hivyo.

Alimkuta amepiga magoti nyuma ya friji, tochi mdomoni.

— Nani kakwambia ukiacha dawa utapona?

Fundi aliitoa tochi mdomoni.

— Si wewe?

Ni kweli, mtafiti alirudi siku moja kutoka kazini akichekacheka, akamsimulia jinsi virusi vinavyojificha ndani ya seli za kinga, vimelala fofofo, dawa hazivigusi. Akamwambia wamewasha kimeng'enya kimoja, kile kinachopokea taarifa ukingoni mwa seli na kuisukuma mpaka kwenye kiini, virusi vikaamka na seli zikang'aa kijani chini ya darubini. Tumepata swichi, alisema. Sasa fundi majokofu ukishamtajia swichi, unategemea nini? Aliamua dawa ndizo zinazovilaza, na kuziacha ndiko kuiwasha.

— Nilisema vinaamka kwenye kisahani cha maabara, sikusema vinakufa. Kuviua ndiko kunakotushinda. Na hata humo tunatia dawa kama hizo zako, ili kinachoamka kisiingie seli nyingine. Wewe umefungua mlango na mlinzi ukamfukuza.

Fundi aliiweka bisibisi chini taratibu.

— Kwa hiyo nimeharibu.

— Hatujui. Tunakwenda kliniki sasa hivi. Ila kwanza uniambie, haraka ya kupona umeitoa wapi?

Alijiumauma, akasingizia joto, akasingizia kazi. Mwisho akasema. Mama mkwe mtarajiwa alimwita peke yake, akamwambia kwa upole kabisa: kama unampenda mwanangu, rudi ukishapona.

Kliniki muuguzi alimsema mpaka akainamisha kichwa, akamtoa damu ya kupima, na baada ya daktari kumwona alianza tena dawa siku ileile. Mtafiti hakumruhusu arudi kwenye friji la watu. Alimshika mkono, wakaenda moja kwa moja kwa mama.

Mama alikuwa kwenye cherehani, anashona gauni la harusi la bintiye.

— Mama, ulimwambia arudi akipona. Ameacha dawa.

Cherehani ikanyamaza. Mama alimgeukia fundi.

— Baba, mimi nilikutuma uache dawa?

— Hukunituma, mama. Nilitaka nikupendeze.

Mama alifuta uso kwa ncha ya kanga.

— Niliogopa. Sitaki kumwona mwanangu mjane.

— Akimeza dawa zake ataishi mpaka atuchoshe, alisema mtafiti. Na virusi visipoonekana kwenye vipimo, haniambukizi. Nilikueleza, ukawa unaitikia tu.

— Na hiyo kazi yako itamponya lini?

Hilo ndilo swali aliloliogopa kuliko yote. Angeweza kudanganya, na mama angelala vizuri.

— Sijui, mama. Huenda nikastaafu kabla hatujajua. Kesho narudi kwenye seli zangu, na keshokutwa, na mwakani. Ila harusi haiisubiri maabara. Nitaolewa naye akiwa anameza dawa, ukiwepo au usipokuwepo.

Hakupandisha sauti, na ndiyo maana mama aliamini. Alilikunja gauni jeupe, akaliweka kando. Kisha akainuka, akachukua futi kamba mezani, akamwambia fundi asimame wima.

— Mikono juu, baba. Suti yako sikuwa nimeikata.