Ng'ombe Watatu wa Nyumba ya Bweri

Jiko la nyumba ya Bweri lilikuwa halijawashwa kwa miaka miwili. Hivyo ndivyo Keraryo, aliyekuwa akiiuza, alivyosema alipokuwa akihangaika na kufuli. Lakini Bhoke alipoinama kati ya mafiga na kugusa jivu kwa kiganja, alilikuta na joto, joto dogo kama la kitanda alichotoka mtu muda si mrefu.

"Hili jivu lina moto," alisema.

"Ni jua tu, Matroni. Si unajua nyumba ya bati."

Bhoke aliinua macho. Bati lilikuwa zima, halina hata tundu la msumari. Lakini alikuwa na miaka sitini, na zaidi ya nusu ya umri huo alikuwa ameishi kwenye bweni la shule ya wasichana, akilea watoto wa watu. Alikwisha kujifunza kutobishana na kila jambo dogo. Alijifuta mkono kwenye kanga, wakatoka nje.

Alikuwa anatafuta nyumba ya kuzeekea. Shule ilimpa barua ya kustaafu, keki na saa ya ukutani, na mwezi huohuo ikakihitaji chumba chake. Kiinua mgongo kilitosha nyumba moja, na nyumba alizoonyeshwa zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa Nyakato: vyumba viwili vilivyogusana ukuta na vya Jeska, mama muuza maandazi, hivi kwamba Jeska akipiga chafya ungeweza kumpa pole bila kuinuka kitandani. Ya pili ilikuwa hii ya Bweri, pembeni ya mji, yenye kiwanja kipana, shamba la mihogo, miamba nyuma ya nyumba, na baraza ambalo ukikaa unaliona ziwa limetulia kama sahani.

"Bweri?" Jeska alikuwa amemcheka asubuhi ile. "Matroni, utateleza bafuni watakukuta Jumapili, tena si hii, ile inayofuata! Hapa ukikohoa vibaya tu, nimeshafika na tangawizi."

Bhoke alicheka naye. Lakini kelele alikuwa amezila maisha yake yote, na alitamani kujua kama kimya nacho kinalika.

Barazani, Keraryo alimpa kigoda. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kuongea akitazama vidole vya miguu yake. Nyumba ilikuwa ya shangazi yake, Nyamburi, aliyezikwa pale nyuma, karibu na miamba. Hakuacha mtoto.

"Na wewe, Matroni, unao watoto?"

"Mia tano kwa mwaka," alisema Bhoke. "Wa kwangu, hakuna."

"Mume?"

"Nani angekuja kunioa saa hizi? Hata ujana wangu hawakuja."

Keraryo hakucheka. Alisema, "Shangazi aliacha na ng'ombe watatu. Alisema anayeingia nyumba hii awachukue. Sisi tunaogopaga kuwala."

"Nyakato nitawaweka kwenye kabati? Hata hapa sitaweza kuchunga. Labda kwa mdogo wangu Machage, Butiama. Yeye ana zizi."

"Nikimpelekea yeye, utakuwa umekubali?"

"Nyumba bado sijaamua."

"Nauliza ng'ombe."

"Haya, nimekubali," alisema Bhoke, kwa wepesi ule tunaopokelea embe kwa jirani. Keraryo akamkabidhi ufunguo, akamwambia akae siku chache, aionje nyumba kabla ya kusema neno.

Siku ya kwanza aliionja, akaiona tamu. Alifagia, akapanga nguo zake mbili tatu, akakaa barazani mpaka jua lilipozama, na hakuna aliyemwita Matroni hata mara moja. Ila palikuwa na harufu. Haikuwa mbaya. Ilikuwa harufu ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa kwa moshi, harufu ya jikoni kwa mama yake, na kila alipoifuata ilikuwa imetangulia chumba kingine.

Alfajiri aliamshwa na sauti. Shuka, shuka, shuka. Maziwa yakisukwa ndani ya kibuyu, taratibu, na mtu asiye na haraka. Akadhani ni jirani. Alipofungua dirisha alikumbuka kwamba jirani wa karibu yuko ng'ambo ya shamba la mihogo. Mezani palikuwa na kikombe cha maziwa mgando, kimefunikwa kwa kisahani.

Keraryo huyo, alijiambia. Mtu mwema. Akayanywa.

Siku ya pili, saa saba mchana, ile saa ambayo hata kuku wa Bweri hulala kivulini, Bhoke alikuwa amejilaza chumbani. Alipochungulia dirishani aliona kwamba uwanja umefagiliwa upya. Mistari ya ufagio ilianza kwenye mlango wa jiko, ikapita chini ya dirisha lake, ikaenda moja kwa moja mpaka kwenye miamba, na hapakuwa na unyayo hata mmoja juu yake. Alipokuwa bado ameduwaa, sauti ya mwanamke mzee, yenye mkwaruzo kidogo, ikaita kutoka jikoni:

"Bhoke. Maji yamechemka."

Haikuwa sauti ya kutisha. Hilo ndilo lililomtisha baadaye. Ilikuwa sauti ya mtu wa nyumbani akimwita mtu wa nyumbani, na tangu mama yake afariki hakuna aliyewahi kumwita kwa jina lake. Alikuwa Matroni kwa dunia nzima, na dada kwa Machage. Kwa hiyo, kabla akili haijafika, mdomo wake ulikwisha kufika.

"Nakuja," alisema.

Akaenda mpaka mlangoni pa jiko, miguu ikiwa mizito kama ya mtu anayevuka tope, na akaona sufuria juu ya mafiga ikitoa mvuke, na vigoda viwili vimewekwa vikitazamana, kimoja kitupu, na kingine ambacho ngozi yake ilikuwa inabonyea, polepole, kama ngozi inavyobonyea mtu mzito anapojiweka sawa, huku harufu ya kibuyu ikimzunguka kichwa na kumshuka mabegani mfano wa shuka anayofunikwa mgonjwa, na moyoni mwake, pamoja na hofu iliyokuwa ikimkaba, akasikia kitu kingine ambacho aliona aibu kukitaja hata baadaye: hamu ya kukaa kwenye kile kigoda kitupu.

Hakukaa. Alikimbia mpaka barabarani bila viatu, akampigia Machage.

"Dada!" Machage alikuwa na furaha ya mtu aliyekunywa. "Mbona hukuniambia?"

"Kukwambia nini?"

"Ng'ombe wamefika jana. Watatu, na blanketi, na jembe. Wazee wamekuja, tumewapokea, pombe imenyweka. Walisema ni za nyumbani kwa Nyamburi, za kwako wewe. Dada, nililia. Miaka yote ile marehemu baba alikuwaga anatazama njia, hakuna aliyekuja na hata mbuzi."

Bhoke alikaa chini palepale kando ya barabara. Desturi aliijua, nani wa Mara asiyeijua? Mwanamke aliyezeeka bila mtoto humtolea ng'ombe mwanamke mwenzake, huyo akaja kukaa naye, ili moto wa mji wake usizimike. Nyumba ntobhu, ndoa ya mwanamke kwa mwanamke. Aliwajua wanawake walioishi hivyo, wengine kwa amani kuliko walio na waume. Alichokuwa hajui ni kwamba mtu anaweza kuposa akiwa kaburini, na mwingine akakubali akiwa amekaa kwenye kigoda, akijibu mambo ya nyumba na ng'ombe.

Kesho yake alipanda basi la Bunda, akaunganisha mpaka Kibara. Huko alikuwepo mwanamke aitwaye Kija, ambaye watu walimfuata kwa mambo ya namna hii. Alimkuta akigeuza dagaa juani, amejifunga gunia kiunoni. Hakuacha kazi, alimsikiliza akigeuza.

"Maziwa ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Ukaitwa, ukaitika?"

"Aliniita jina langu, mama."

"Hapo." Kija alimtazama kwa huruma. "Kama ni jini la kuokota njiani ningelifukiza likaondoka. Huyu ni mwenye haki yake. Ametoa ng'ombe, kwenu mmepokea."

"Mimi mzee. Atapata mtoto gani kwangu?"

"Nani kakwambia anataka mtoto? Anataka mtu wa kuwasha moto." Akachukua dagaa mmoja, akamtafuna kichwa. "Wewe unamtaka?"

Bhoke alichelewa kujibu. Baadaye alikuja kukumbuka sana kuchelewa kule.

"Simtaki," alisema.

"Basi mdomo uliopokea ndio urudishe. Ndugu yako awalete ng'ombe mwenyewe, wote, blanketi na jembe pia. Aseme mbele ya jiko. Halafu wewe uzime jivu kwa maji ya ziwa. Kisibaki kitu chake kwenu. Hata ukwato."

Walifanya hivyo siku ya nne, jua likiwa bado juu ya ziwa. Machage alikuja na lori dogo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alipitisha ng'ombe uani, Keraryo akawapokea bila kumlaumu mtu. "Nilitimiza tu aliloniagiza," alimwambia Bhoke kwa sauti ya chini. "Alikuwaga anaogopa sana kukaa peke yake. Mimi nina familia, ningefanyaje?"

Machage akasimama mlangoni pa jiko, kofia mkononi. "Mama Nyamburi," alisema, akaigeuza kofia, akaanza upya. "Mama Nyamburi, tulipokea bila kujua. Tunarudisha. Dada yetu hakuolewa."

Bhoke akainama na ndoo. Maji yalipogusa jivu, jivu lililodaiwa kuwa la miaka miwili, yalilia chaaa! mvuke ukapanda mpaka kwenye bati, na ndani ya mvuke ule wote watatu walisikia, na hawakuwahi kulizungumza tena, mtu akivuta pumzi kwa vipande vipande, kama mzee anayeuma upindo wa kanga ili majirani wasimsikie akilia. Kisha kigoda kimoja kikaanguka ubavu, na harufu ya kibuyu ikatoka mlangoni ikawapita katikati, kuelekea kwenye miamba.

Jiko likabaki jiko.

Bhoke alinunua Nyakato. Jeska alimpokea kwa maandazi na matusi ya mapenzi: "Si nilikwambia? Uzee na Bweri wapi na wapi!" Redio ya Jeska iliimba kwaya tangu alfajiri, watoto walipiga mpira ukutani, na Bhoke aliweka saa yake ya shule juu ya mlango, akasema amefika. Kila mtu mtaani alimwita Matroni. Walimpitia, wakamsalimu, wakaenda kwao.

Wiki ya tano Jeska alifunga mlango akaenda Bunda, binti yake amejifungua. Ukuta ukanyamaza. Bhoke aligundua kwamba kelele zile zote zilikuwa za maisha ya mtu mwingine, na mwenyewe akiondoka huondoka nazo.

Alfajiri ya pili ya kimya kile, aliamka.

Shuka, shuka, shuka.

Alilala akiangalia dari mpaka kukapambazuka. Alipotoka, mezani palikuwa na kikombe kimefunikwa kwa kisahani, na chumba kizima kilinukia jikoni kwa mama yake. Akachukua simu.

"Machage. Wale ng'ombe, ulirudisha wote?"

"Wote watatu, dada. Si uliwaona?"

"Na kingine?"

Bhoke aliisogeza simu sikioni. Alisikia kuku wa Butiama, na mtoto akicheka.

"Yule mweupe," alisema Machage hatimaye, kwa kunong'ona, "alizaa usiku ule kabla ya kuwaleta. Ndama wa saa chache, dada, ningempandishaje kwenye lori na wakubwa wale? Nilisema nitamleta baadaye. Halafu watoto wakaanza kumnywesha kwa chupa. Ni jike. Anawafuata mpaka mtoni." Akaongeza, "Nimlete leo? Ukisema nimlete, namleta sasa hivi."

Bhoke alitazama mlango wa jiko. Ulikuwa umerudishwa nusu. Nyuma yake mtu alikuwa akipuliza moto, taratibu, kwa subira, kama aliyetembea mwendo mrefu kutoka Bweri na sasa hana tena pa kwenda.

"Bhoke," ikaita sauti, yenye mkwaruzo kidogo. "Maziwa yatachacha zaidi hayo."

"Dada? Upo? Nimlete?"

Saa ya shule ilikuwa ikigonga juu ya mlango. Upande wa pili wa ukuta hapakuwa na mtu.

"Mwache," alisema Bhoke. "Bado ananyonya."

Akazima simu, akafungua kabati, akatoa kikombe cha pili.