Taa Zenye Mtu Ndani

"Laki mbili kwa taa zenye mtu ndani?" Mama Keki alisema. "Sitoi hata mia."

Fundi Moto alitupa bisibisi mezani. Jina hilo hakulipata kwa sababu ya umeme wa magari anaoutengeneza; alilipata kwa hasira zake. "Mama, usinitafute. Nilikwambia tangu mwanzo ni mtumba, zimetoka kwenye gari la ajali. Sikukuficha. Zile zako za kizee zilikuwa zinamulika kama mshumaa. Leo unaona hadi kokoto, unaniletea hadithi."

"Naona hadi kokoto," mama akasema taratibu. "Na miguu."

Giza lilikuwa linaanza kuingia gereji. Mama Keki husambaza keki madukani kila alfajiri kwa gari la marehemu mumewe, na tangu alfajiri ya kwanza ya taa hizi hajathubutu kutoka tena gizani. Naye fundi alijua, mama akiondoka hivi hivi, kesho mtaa mzima utasema Fundi Moto anafunga mashetani.

"Lete funguo."

Aliligeuza gari likatazama ukuta, kama anavyofanya kila anapopima taa. Mstari wa chaki ukutani, usawa wa kiuno. Mwanga uishie hapo, usimchome macho anayekuja mbele. Akawasha.

Mwanga ukakatika sawasawa kwenye chaki. Chini kweupe pe. Juu giza tupu.

"Haya, huyo mtu wako yuko..."

Akasogeza uso kwenye kioo cha mbele.

Katikati ya weupe palikuwa na kivuli. Miguu miwili, kuanzia kiunoni kushuka chini. Imesimama.

Fundi alishuka, akafuta vioo vya taa kwa kitambaa. Miguu haikuondoka. Akaenda kusimama mwenyewe mbele ya gari.

Ikawa minne.

Akapiga hatua pembeni; miwili yake ikamfuata. Ile mingine ilitulia.

Harufu ya mpira ulioungua ikampanda puani... na ya udongo mbichi.

"Ulizitoa kwa nani, fundi?" Mama Keki alinong'ona kutoka mlangoni.

Alizinunua kwa muuza vyuma chakavu. Kioo kimoja kilikuwa na kitu cha kahawia kimekaukia; akakiosha kwa petroli, akidhani tope. Alipouliza kama mwenyewe ameridhia ziuzwe, muuzaji alicheka. Mwenyewe hazihitaji tena, alisema. Naye fundi akacheka.

Fundi alirudi kwenye usukani, akazima taa. Hazikuzimika. Akafungua boneti, akachomoa waya wa betri.

Hazikuzimika.

Kisha, hakuna mkono kwenye swichi, ndani ya taa kukasikika... *tak*. Ni kile kipazia kidogo kinachofunguka mtu akiweka ful, mwanga wa juu. Mwanga ukapanda juu ya chaki. Kivuli kikapata kifua, kikapata mabega, kikapata kichwa.

Kichwa kilikuwa kimelala begani, kama cha mtu aliyesinzia. Mkono ulikuwa umenyooshwa mbele, kiganja wazi.

Fundi Moto aliujua mkono ule. Ndivyo anavyonyoosha wake kwa kila mteja, kazi ikiisha.

"Nilizilipia," akanong'ona. Hasira zote zilikuwa zimemtoka. "Haki ya Mungu, bei yote. Sina deni na mtu."

Nje, ndara za Mama Keki zilisikika zikikimbia, zikipotea. Lakini aliyejibu alikuwa karibu, karibu kabisa na sikio, kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu aliyefuata chake.

"Mimi hujanilipa. Nipe changu."