Mistari ya Ukingoni

Nyundo ya roboti ilipiga ardhi mara moja, na kwenye skrini ya mashine ya Duarasauti likawaka duara la mwanga. Watu waliokusanyika mgodini Nkulwe asubuhi ile waliguna kwa mshangao.

Mashine hiyo ilibuniwa na Dk. Atupele Mwampamba. Nyundo ikipiga, mwangwi hurudi kutoka miambani, wa karibu kwanza, wa chini zaidi baadaye. Duarasauti huupa kila mwangwi namba, kisha huitandaza yote ndani ya duara moja: yenye namba ndogo huonekana hadi katikati, yenye namba kubwa huonekana ukingoni tu. Kama kuna chumba chenye hewa chini ya kifusi, duara hukionyesha.

Ukingo ulikuwa mweusi tii.

"Hakuna uwazi," alisema Simbeye, kamanda wa uokoaji. "Daktari, tufunge shimo?"

Nyuma ya utepe, mama mmoja alisikia. Mwanawe Lusajo alikuwa amefukiwa tangu juzi.

"Subiri kwanza!" Atupele alikuwa akitazama jina la kitendaji, yaani kanuni ya kuchakata mwangwi, kilichokuwa kazini: Kikusanyi. Kitendaji hicho hugawanya kila mwangwi kwa namba yake, ili kelele zitulie. Mwangwi wa mia hubaki sehemu moja ya mia. Na Lusajo, kama yu hai, alikuwa chini sana.

"Tunamgawanya," alisema. "Kamanda, tunamgawanya mpaka anapotea!"

Alizima Kikusanyi, akawasha Kinyambuzi, ambacho huzidisha kila mwangwi kwa namba yake. Ukingo ukalipuka rangi.

"Hizo ni kelele tu," Simbeye alisema. "Si wewe mwenyewe uliyekataza kisitumike?"

"Kelele hazina mpangilio. Hebu tazama!"

Katikati ya vurugu ile mistari ilikuwa imejipanga kuzunguka duara, nafasi zake sawasawa. Mashine iliihesabu: themanini na saba. Idadi ya mistari ndiyo namba ya mwangwi, na kila namba ni mita mbili.

"Mita mia moja sabini na nne!" Atupele alipiga kelele. "Chimbeni!"

Roboti zilichimba kutwa. Saa kumi jioni Lusajo alitolewa, vumbi tupu, akiomba maji. Watu walishangilia, wakarukaruka, na Simbeye akamkumbatia Atupele hadi kofia ikamdondoka.

Mama Lusajo alipomaliza kumpapasa mwanawe, alimfuata Atupele.

"Asante, mwanangu. Mungu akubariki. Mwaka jana kaka yake, Ambakisye, alipofukiwa kule magharibi, mlituambia hakuna uwazi, mkafunga shimo naye akiwa ndani. Mlitumia kile cha kwanza?"

Atupele alitamani kusema hakumbuki. "Ndiyo, mama."

"Basi niangalizie tena. Nataka kujua."

Atupele alifungua kumbukumbu za mwaka jana, akaziweka chini ya Kinyambuzi. Ukingo uliwaka. Mistari hamsini na mitatu, nafasi sawasawa.

"Ni nini hicho?"

"Ni chumba, mama." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Kulikuwa na chumba. Kosa ni langu."

Mama Lusajo aliitazama ile mistari kwa muda mrefu.

"Ni mbali gani?"

"Mita mia moja na sita."

Simbeye hakungoja aambiwe. Aliokota kofia yake, akaziita roboti, akazielekeza magharibi.