Viwavi Waliochumwa Kabla ya Siku

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Ndaya alishuka kwenye chemchemi iliyokuwa ndani ya msitu mdogo nyuma ya mtaa wao, mjini Kamina. Alijaza maji kwenye bidoni yake, akaitwika, akapanda polepole chini ya miti ya mutondo. Ulikuwa mwezi wa Desemba mwaka 1999. Vita vilikuwa vimefunga njia nyingi, treni zilipita kwa nadra, na madukani chumvi ilikuwa imekwisha. Nyumba nyingi zilikuwa na wageni waliokimbia kutoka Malemba-Nkulu.

Juu ya miti ile viwavi walikuwa wakikua. Katika miezi ya njaa, mahindi ya zamani yakiwa yamekwisha na mapya hayajakomaa, ndio waliokuwa kitoweo cha mtaa mzima. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kuwagusa mapema. Tata Monga, ambaye ukoo wake ulilima hapo kabla reli haijajengwa, alikagua matawi siku hadi siku. Viwavi wakinenepa, alitangaza siku ya kufungua msitu. Kabla ya siku hiyo mtu hachumi kiwavi wala hapigi shoka. Wakimalizwa wangali wadogo, mwaka unaofuata miti hubaki mitupu.

Mwezi huo mfanyabiashara mmoja, Bwana Bokungu, aliutaka msitu. Alikusudia kuchoma miti iwe makaa, kisha kugawa viwanja. Hakuwa mtu mkorofi. Makaa yalihitajika, na wageni nao walihitaji mahali pa kujenga. Lakini wanaume watatu aliowatuma na mashoka walikuta wanawake wa mtaa wameketi, kila mmoja ameegemea shina lake.

"Mama, tupishe. Tuko ku kazi," mmoja wao alisema.

"Na minyi niko ku kazi," alijibu Mama Lucienne, mama yake Ndaya. "Kata tu! Lakini anza na mugongo yangu, njo iko karibu."

Wanawake wakaangua kicheko. Wale wanaume wakatazamana, wakageuka na mashoka yao mabegani.

Bokungu akaenda kwenye ofisi ya ardhi. Alisema lile ni pori tu, halina mwenyewe wala sheria. Tata Monga naye akaenda, akasema sheria ipo na watu wanaishika. Afisa aliwasikiliza wote wawili.

"Nitakuja Jumamosi," alisema. "Mkinionyesha kwamba mnautunza, shoka halitaingia. Mkishindwa, nitasaini karatasi ya Bwana Bokungu."

Habari hiyo ilipofika nyumbani, Ndaya aliacha chakula chake. Siku nne kabla ya hapo alikuwa ameingia msituni peke yake, akachuma viwavi wadogo bakuli moja, akampelekea mlinzi wa bohari ya Bokungu. Mlinzi alimpa kikombe cha chumvi. Mama alipouliza, Ndaya alisema amepewa na mama mdogo. Jioni ile nyumba nzima pamoja na wageni wao walikula sombe, majani ya muhogo, yenye chumvi, wakamsifu. Zaidi ya mlinzi, mtu mmoja tu aliyajua hayo: Jéthro, mwanafunzi mwenzake, aliyemwona akitoka boharini.

Jumamosi afisa alifika kwa baiskeli, viatu vimejaa tope. Mtaa mzima ulikuwa umekusanyika pembeni mwa msitu.

"Tazama matawi, shefu," Tata Monga alisema. "Tangu mvua ianze, hakuna kiwavi hata mmoja aliyetoka hapa. Watu wana njaa, lakini wanangoja."

Bokungu alifungua kitambaa. Ndani yake mlikuwa na viwavi waliokaushwa, wembamba kama vijiti vya kiberiti.

"Na hawa, je? Mulinzi wangu aliletewa, walitoka hapa hapa. Sheria yenu iko ya mudomo tu."

Watu wakasogea kuwatazama. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Ni hao wageni njo walichuma! Batu ya Malemba hawajue kanuni yetu!" Mwanamke mmoja mkimbizi akamvuta mtoto wake karibu. Watu wakaanza kuwageukia.

Jéthro alimnong'oneza Ndaya. "Nyamaza, weye. Ukisema, afisa atasaini. Msitu utakwisha."

Ndaya alimwangalia yule mwanamke. Akapiga hatua mbele.

"Njo minyi," alisema.

"Weye nini?" Mama Lucienne aliuliza.

"Minyi njo nilichuma, mama. Peke yangu. Ile chumvi haikutoka kwa mama mdogo. Wageni hawana kosa."

Mama Lucienne aliziba mdomo kwa mkono. Bokungu hakucheka, ila alimgeukia afisa. "Umesikia, shefu. Mutoto mwenyewe amesema."

Afisa alimtazama Tata Monga. "Sasa mtamfanya nini?"

"Kile tulichomfanya mdogo wangu mwenyewe mwaka juzi," mzee alijibu bila haraka. "Siku ya kufungua atachuma kutwa nzima, na kila kikapu kitaenda kwa wengine. Nyumba yake haitapata hata kimoja."

"Nyumba nzima? Hata mama yake?"

"Nyumba nzima, shefu. Hatumpunguzii mtu."

Ndaya alisema kwa sauti ndogo, "Nakubali." Mama Lucienne alimshika bega, akanyoosha mgongo.

"Na minyi nakubali. Tutalala bila kitoweo. Lakini shoka haliingii hapa!"

"Haliingii!" wanawake waliitikia, na wageni wa Malemba-Nkulu wakaitikia pamoja nao.

Afisa aliandika akiwa amesimama, daftari juu ya kiti cha baiskeli. "Pori lisilo na sheria halina adhabu," alisema. "Hapa nimeona nyumba ikikubali adhabu mbele ya macho yangu. Ombi limekataliwa."

"Lakini shefu, sheria yao imevunjwa!"

"Nionyeshe sheria ambayo haijavunjwa hata siku moja, Bwana Bokungu. Kwa viwanja, kuna mashamba yaliyoachwa kando ya barabara. Njoo ofisini tuyaangalie."

Siku kumi baadaye Tata Monga alifungua msitu. Viwavi walikuwa wanene, na watoto walipanda matawi wakipiga kelele. Ndaya na mama yake walichuma tangu alfajiri, wakigawa kikapu baada ya kikapu.

"Eh, mama wa viwavi!" Jéthro alimtania kutoka juu ya mti. "Njaa inauma?"

"Inauma. Shusha kikapu ingine, acha maneno."

Jua lilipoanza kushuka, Tata Monga aliketi karibu na Ndaya juu ya mzizi.

"Umechoka?"

"Ndiyo, tata. Nilidhani nikisema tutaupoteza msitu."

"Hata mimi niliogopa," alisema mzee. "Lakini fikiri. Ungenyamaza, tungewafukuza wageni bure. Tungegombana sisi kwa sisi, na mwenye shoka angepita katikati yetu bila mtu kumzuia. Kukosea, mwanangu, kila mtu anakosea. Anayekubali kosa lake mbele ya watu anaweza kusimama tena pamoja nao. Na watu waliosimama pamoja ni vigumu kuwaondoa mahali pao."