Shanta la Kwenda Japani

Shanta lilikuwa la manjano, na kufika saa mbili na nusu asubuhi ya Jumamosi halikuwepo tena.

Usiku kucha lilikuwa juu ya kiti cha ukumbini, nyumbani kwa Bwana Anas, mtaa wa Al Khuwair, Uarabuni. Ndani yake mlikuwa na pasipoti ya binti yake Shatha, tikiti za treni za Japani, fulana nne, soksi na daftari la safari. Ndege ilikuwa saa kumi na moja jioni. Saa nane mchana Shatha na rafiki yake Ruba walitakiwa wawe uwanja wa ndege.

Wawili hao waliipanga safari hiyo tangu walipokuwa na miaka kumi na tano: siku tisa, Tokyo mpaka Hiroshima, kila mtu na begi lake mgongoni. Sasa walikuwa na ishirini na sita, na mwezi ujao Ruba anaolewa, anahamia mbali, Sohar. Ikikosekana pasipoti leo, basi tena.

Inspekta Mahfoudh alifika saa tatu na robo. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miaka ishirini na nne kazini, na alipenda sana kesi zisizo na maiti. Angeweza kumtuma mtu mwingine, lakini mwezi ule nyumba tatu za mtaa huo zilikuwa zimevunjwa na wezi. Alikuja na Sajini Hajar, mtaalamu wa alama za vidole, binti asiyecheka akiwa kazini.

Mlangoni walimkuta Ruba. Shanta lake, la buluu, lilikuwa mgongoni.

"Unaweza kulitua," Inspekta alimwambia.

"Hapana, afande. La mwenzangu lilituliwa."

Bwana Anas alikuwa na washukiwa wake tayari. Alimtaja mchuuzi wa gesi, akamtaja fundi wa viyoyozi aliyekuja Alhamisi, kisha akatupa jicho jikoni, alikokuwa Nekesa, mpishi wao kutoka Bungoma. Inspekta alimsikiliza mpaka mwisho, akaomba kuona kamera ya getini. Tangu alfajiri kamera ilikuwa imeona viumbe wawili tu: paka, aliyepita juu ya ukuta, na Ruba, aliyeingia saa mbili. Hakuna aliyetoka. Makufuli yalikuwa mazima na madirisha yamefungwa.

"Basi shanta limo humu ndani," alisema Inspekta. "Na aliyelichukua yumo."

Wote wakatazamana. Ruba akakaza mikanda ya begi lake.

Nekesa alihojiwa wa kwanza. Alikuwa akitetemeka, kwa hiyo Inspekta alimwambia akae, amalize chai yake, hakuna mtu anayepelekwa popote.

"Mara ya mwisho uliliona saa ngapi?"

"Saa moja. Nilikuwa napelekea shosho, bibi yake Shatha, chai."

"Na ulipopita tena?"

"Saa moja na nusu, hakuna. Nikadhani Shatha amelitoa. Afande, mimi sijaliguza."

"Nani alikuwa macho?"

"Baba Shatha alikuwa amelala. Shatha alikuwa bafu. Shosho alikuwa anaswali."

"Saa moja na nusu? Sala gani hiyo?"

"Mimi sijui. Lakini hata saa hii bado anaswali."

Inspekta aliandika jambo hilo katika kijitabu chake, akalipigia mstari.

Kwenye kiti kilichokuwa na shanta kulikuwa na leso iliyokunjwa vizuri. Juu ya leso kulikuwa na miwani ya Shatha na dawa yake ya pumu, vimepangwa ubavu kwa ubavu.

"Hivi vilikuwa wapi jana?" Inspekta aliuliza.

"Ndani ya shanta," Shatha alijibu. Macho yalikuwa mekundu kwa kulia. "Mfuko wa mbele. Niliufunga mwenyewe."

"Kwa hiyo mwizi aliufungua, akakutolea dawa usije ukabanwa na kifua, akakuwekea na leso."

Hajar aliinua miwani kwa koleo dogo, akaimulika. "Hakuna alama hata moja, afande. Lenzi zimefutwa."

"Kuficha ushahidi?"

"Hapana. Zimesafishwa. Zinang'aa."

Inspekta alimgeukia Shatha. Akamuuliza, humu nyumbani nani anayemsafishia miwani. Shatha akatazama chumba cha mwisho wa korido.

Kilikuwa chumba cha Bi Sayyida, mama yake Bwana Anas, mwenye miaka sabini na tano. Ndiye aliyemlea Shatha tangu mama yake alipofariki, mtoto akiwa na miaka minne. Vyumba vyote vilikwisha kupekuliwa, mpaka tangi la maji, isipokuwa hicho. Si kwamba hawakujaribu. Kila Hajar alipogonga, sauti ilisikika ndani: "Allahu akbar." Alisubiri. Ikaja salamu ya kumaliza sala. Akagonga tena, na takbira ikapigwa upya.

"Dakika zinakwenda, afande," Hajar alinong'ona. "Tuingie?"

"Umewahi kumkatiza bibi wa Kizanzibari kwenye sala?"

"Hapana."

"Mimi pia sijawahi, na nataka kuifikia pensheni yangu."

Akaomba kiti, akakiweka mbele ya mlango. Nekesa alimletea kahawa na tende. Inspekta akakaa, akawa anahesabu rakaa kwa kokwa za tende kwenye kisahani. Sala ya dhuha, ile ya suna ya asubuhi, ni rakaa mbili, mtu akiwa na bidii nane, na mwenye bidii kupita kiasi kumi na mbili. Kufika saa tano kisahani kilikuwa na kokwa ishirini, na Inspekta alianza kumhusudu bibi kwa magoti yake. Bwana Anas alikuwa akizunguka ukumbini kwa aibu. Shatha alikaa sakafuni kando ya Ruba, kichwa begani kwake.

Lakini Inspekta alijua jambo moja, na Bi Sayyida alilijua vizuri zaidi. Ilipotimia saa sita kasoro dakika tano, Inspekta aliinama kwenye tundu la ufunguo.

"Bi Sayyida," alisema kwa adabu. "Jua limefika utosini. Sala ya suna saa hii ni makuruhu, haifai mpaka adhuhuri iingie."

Kisha ikaja salamu ya kulia, na ya kushoto.

"Ingia, mwanangu."

Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amekaa juu ya mswala mbele ya kitanda chake. Nyuma yake, mvunguni, ilionekana kona ya sanduku jekundu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nyinyi watu wa wapi?"

"Baba alizaliwa Tabora."

"Ndo maana. Mtu wa mjini angechoka kwenye rakaa ya sita."

Inspekta akakaa sakafuni, mbali kidogo na mswala.

"Bibi, nani alichukua shanta?"

Alitazama viganja vyake. Hakusema uongo, kwani alikuwa ametoka kwenye sala.

"Mimi."

"Saa ngapi?"

"Saa moja na robo. Mtoto alikuwa anakoga."

"Liko wapi?"

"Ndani ya sanduku."

"Na kwa nini?"

"Kwa sababu anatoroka."

Inspekta aliuliza nani amemwambia hivyo, na bibi akamtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi mzito.

"Nna macho. Mtu wa kurudi hubeba sanduku, kwa sababu ana watu wa kuwaletea vitu. Huyu kabeba furushi la mgongoni, fulana nne, nafasi ya zawadi hata ya pipi hamna. Chumba kakisafisha. Vitabu kavigawa. Juzi kawaomba radhi watu wote wa nyumba, mpaka muuza duka. Na Alkhamisi nlimsikia Ruba kwenye simu kwa masikio yangu: tukishafika Japani haturudi tena."

Inspekta Mahfoudh aliyaandika yote. Alikuwa amewahi kuwapeleka watu mahakamani kwa ushahidi pungufu ya huo.

"Bibi, kuomba radhi kabla ya safari ni desturi."

"Najua ni desturi. Mimi ndiye nlomfunza."

"Basi hofu imetoka wapi?"

Hapo ndipo sauti ya Bi Sayyida iliposhuka.

"Mwaka wa sitini na nne nlikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama alitwambia twenda Dari-salama kwa shangazi, wiki moja. Nlikuwa na sanduku langu jekundu, lina nguo zangu za Idi. Nkalitoa mvunguni. Mama akasema liwache, twabeba furushi tu, la mgongoni, wiki moja ni nyingi? Nkalirejesha mvunguni." Alivuta pumzi. "Miaka sitini na kitu sasa, mwanangu, ile wiki haijesha."

"Hukuwahi kurudi?"

"Wenzangu wote washakwenda, wakarudi na picha. Mimi sijathubutu. Nlipofika huku na kupata kazi, kitu cha mwanzo kununua, pale sokoni Ruwi, ni hili sanduku. Jekundu kama lile. Nkaliweka mvunguni, na halijasafiri popote. Basi jana usiku nkaliona lile shanta kitini. Nkasema huyu naye wamemwambia siku tisa."

Mlango ulikuwa wazi. Shatha alikuwa amesimama hapo na alisikia yote. Alipiga magoti, akamkumbatia bibi yake, na wote wawili wakalia bila kuona haya mbele ya polisi. Inspekta alijifanya anasoma kijitabu chake, naye macho yalikuwa yamelowa.

"Bibi, mimi narudi," Shatha alisema. "Nakwenda kutembea tu. Kuna mlima wa milango myekundu elfu, nataka kupita yote kwa miguu, na Ruba, kabla hajawa mke wa mtu. Kisha narudi kwako. Nitakwenda wapi pengine?"

Ruba, begi bado mgongoni, alikula kiapo kwamba maneno yale ya simu yalikuwa mzaha, na yalihusu chakula.

Bi Sayyida alifuta uso kwa ncha ya mtandio. Akamwomba Hajar amvutie sanduku. Lilikuwa kubwa, zito, la mtindo wa zamani, lisilo na magurudumu. Akalifungua, akatoa shanta la manjano, akalipangusa vumbi lisilokuwepo.

"Chukua, uende. Lakini sanduku laenda na wewe, tupu. Unirejeshee limejaa."

"Bibi, safari yetu ni ya mashanta. Tunalala vyumba vidogo kama makabati."

"Basi litalala nje ya kabati."

Shatha alimtazama Ruba. Ruba alilitazama sanduku, akapima mpini wake, akashusha pumzi.

"Tutapokezana," alisema.

Sajini Hajar aliuliza waandike nini kwenye ripoti. Inspekta akamwambia: mali imepatikana, mshukiwa amekiri, mlalamikaji amesamehe. Kisha, kwa kuwa sanduku halikuingia kwenye buti ya gari la Bwana Anas, lilipelekwa uwanja wa ndege kwenye gari la polisi, na Hajar akionekana kutabasamu kwenye kioo cha pembeni.

Bi Sayyida alikuwa amechukua namba ya simu ya Inspekta, kwa maelezo kwamba kila ahadi ina shahidi. Basi kila asubuhi Inspekta alipofika kazini alikuta picha aliyotumiwa na bibi. Sanduku kwenye stesheni ya Tokyo, mbele ya kabati la mizigo lililokataa kulimeza. Sanduku ndani ya treni iendayo kasi, limekalishwa dirishani lione mlima Fuji. Sanduku likilambwa na swala wa Nara. Katika milango myekundu ya Kyoto, Ruba amelishika mbele na Shatha nyuma kama watu wanaohamisha kochi, na mzee wa Kijapani asiyewajua amelishika katikati, wote watatu wamekufa kwa kicheko. Inspekta aliwaonyesha wenzake picha hiyo, na kuanzia siku ya tano kituo kizima kilikuwa kikiuliza asubuhi: sanduku limefika wapi?

Siku ya kumi ilikuwa zamu yake ya mapumziko. Alikwenda uwanja wa ndege hata hivyo, akamkuta Bi Sayyida amesimama mbele ya kizuizi tangu saa tatu, pamoja na Bwana Anas na Nekesa. Milango ikafunguka. Kwanza ilitoka kona nyekundu, juu ya toroli. Nyuma yake wakafuata wasichana wawili, wamechomwa na jua, viatu vimekwisha.

Bi Sayyida hakungoja kufika nyumbani.

"Lifungueni."

Likafunguliwa pale pale sakafuni. Lilijaa mpaka bawaba zikapiga kelele. Mlikuwa na chai, vitambaa, biskuti za ufuta na kisu cha jikoni cha Nekesa kilichofungwa mara tatu, naye akakikumbatia hivyo hivyo. Inspekta alipewa soksi zenye sura za paka. Chini kabisa Shatha alitoa kitu kidogo cha zambarau, akampa bibi yake kwa mikono miwili.

Lilikuwa shanta. Jepesi, dogo, la mtu asiyebeba vizito.

"La nani hili?"

"Lako. Mimi na wewe, baada ya harusi ya Ruba. Unguja. Wiki moja."

Bi Sayyida aliligeuza huku na huku. Alijaribu zipu, akaifunga. Watu walikuwa wakipita na mizigo yao, naye hakuwaona.

"Na sanduku?" aliuliza.

"Sanduku halendi, bibi. Litabaki mvunguni, litusubiri."

Bi Sayyida alilegeza mikanda ya shanta. Kisha akapitisha mkono mmoja kwenye mkanda, akapitisha wa pili, na Nekesa akamnyooshea mtandio nyuma. Akajaribu hatua mbili mbele, moja nyuma. Uso ulikuwa umechanua kama wa mtoto siku ya Idi.

"Inspekta," alisema, "kijitabu chako unacho?"

"Ninacho, bibi."

"Andika. Unguja, wiki moja." Akamtazama mpaka kalamu ikatulia. "Na siku ya kurudi uiandike."