Hesabu ya Kitandani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Kasuku alifagia ua, akachemsha chai, kisha akambebea shangazi yake furushi la nyuzi hadi ngazi za zamani za kushukia baharini, nyuma ya kiwanda cha barafu kilichofungwa. Shangazi, aliyemlea tangu akiwa mchanga, alikuwa mshona nyavu. Yeye na wenzake walikaa kwenye ngazi hizo kutwa, vidole vikienda na midomo ikienda. Msichana huyo naye alipewa jina la Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Muhula ule mji mzima ulikuwa na habari moja tu: wawekezaji. Tangu kiwanda kifungwe, vijana walihama mmoja mmoja, na milango ya maduka ya ufukweni iliota kutu. Sasa kampuni moja ilitaka kufufua kiwanda na kuujenga upya ufukwe. Baraza la mji likawaomba wanafunzi wa darasa la sita wahesabu watu wanaotumia kila njia ya kushukia baharini. Kila mtu aandikiwe mstari wake: anafanya nini, na anakaa kwa muda gani. Kasuku alipangiwa ngazi za zamani, Jumamosi tatu, asubuhi hadi adhuhuri.

Jumamosi ya kwanza mvua ilinyesha. Aliona watu wawili wakipita mbio, akarudi nyumbani. Jumamosi mbili zilizofuata hakwenda kabisa. Shangazi alipokwisha kutoka, alijifunika shuka akajaza fomu kitandani. Kwa kuwa watu wengi wangehitaji mistari mingi, aliandika watatu tu, wapita njia.

"Mbona sikukuona leo?" shangazi alimuuliza aliporudi jioni ya Jumamosi ya pili.

"Nilikuwa kule juu, shangazi, penye geti la kiwanda. Huko naona vizuri."

Mwezi uliofuata, wakazi waliitwa kwenye ukumbi wa shule. Mhandisi wa baraza alitundika mchoro mkubwa ukutani. Shangazi, aliyekaa mbele, alimnong'oneza jirani yake kwa sauti iliyofika hadi dirishani, aliposimama Kasuku: "Huyu wangu ndiye aliyehesabu ngazi zetu!"

Mhandisi akaweka kidole kwenye mchoro. "Hapa utajengwa ukuta. Ngazi hizi zitafungwa, maana hazina watumiaji."

Shangazi akasimama. "Na sisi washona nyavu tutakwenda wapi?"

Mhandisi akapekua karatasi zake. "Samahani, mama. Hapa hakuna washona nyavu. Kuna wapita njia watatu."

Watu wakacheka. Shangazi akakaa polepole, kama mtu anayetafuta kiti gizani. Kasuku akainama chini ya dirisha. Uso ulimwaka, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni shangazi hakumgombeza. Alikuwa akimenya viazi. "Miaka kumi na tisa nakaa pale," alisema. "Kumbe hata sionekani. Labda pale getini palikuwa mbali, mwanangu, hukuweza kutuona."

Afadhali angempiga kofi. Shangazi alikuwa akimtetea kwa uongo wake mwenyewe!

"Sikuwepo, shangazi," Kasuku alisema, machozi yakimtiririka. "Si juu, si chini. Niliandika kitandani."

Kisu kikasimama. "Hata mimi hukuniandika?"

"Hata wewe."

Shangazi akaendelea kumenya kiazi kile kile mpaka kikabaki kama gololi.

Kesho yake alimpeleka Kasuku ofisini kwa mhandisi, akasimama mlangoni. "Ingia mwenyewe. Mdomo uliodanganya ndio utakaosema."

Kasuku alisema yote, macho yakiwa sakafuni. Mhandisi alishusha pumzi. "Wawekezaji wanarudi baada ya wiki mbili kutia saini. Utahesabu upya, na safari hii mwalimu wako atakaa nawe. Lakini aibu si yako peke yako. Mimi nami nilichora ukuta bila kushuka ngazi hata moja."

Jumamosi hiyo na iliyofuata Kasuku alikaa kwenye ngazi, mwalimu wake pembeni. Kazi ngumu haikuwa kuandika. Ilikuwa kumwuliza kila mmoja, "Shikamoo, unafanya kazi gani?" huku akijua kwamba alikwisha kumfuta. Washona nyavu walimsogezea mahali pa kukaa. Wema huo ulimchoma kuliko matusi. Walikuwa arobaini na wanane.

Wawekezaji walipoziona karatasi mpya, waliomba kupelekwa pale. Mkuu wao, mwanamke aliyevua viatu ili ashuke, alitazama nyavu kwa muda mrefu. "Tungejenga ukuta mbele ya watu wanaoshona nyavu za wavuvi watakaonunua barafu yetu," alisema. Mchoro ukabadilishwa: ukuta ukasogezwa, ngazi zikapangiwa matengenezo na paa la kivuli.

Wakirudi nyumbani, Kasuku aliuliza kwa sauti ndogo, "Umenisamehe, shangazi?"

"Nilikusamehe siku ile ile. Lakini elewa: ulitaka asubuhi mbili za usingizi tu, ukawafuta watu arobaini na wanane. Kila mtu anautaka mji mpya, nami nautaka. Ila hauwezi kujengwa vizuri juu ya habari za uongo. Siku nyingine ukichoka, mwanangu, sema umechoka. Usiseme hatupo."